Aliyelala Kando ya Gentille

Rukundo alikuwa amemaliza siku thelathini na saba kwenye friji ya mochari, na kaburi lake bado lilikuwa na mtu mwingine ndani.

Velma Kageha alikuwa anazihesabu siku hizo asubuhi ile akipanda ngazi za jumba la kumbukumbu mjini Saint Paul, Minnesota, mkoba begani, kahawa mkononi, baridi ya Novemba ikimfinya masikio. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa basi. Kazi yake ya kila siku, katika ofisi moja ya Saint Louis Park, ilikuwa kukagua hati za nyumba kabla hazijauzwa. Akipata nafasi alitafuta watu waliopotelea kwenye makaratasi. Watu wa makanisa walilijua hilo, ndiyo maana Pasta Munyaneza akampigia simu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Kanisa la Pasta Munyaneza, la wakimbizi wa mashariki ya Kongo, lilinunua ekari moja kusini ya Burnsville, pembe ya shamba la zamani, likapata kibali cha kuzikia watu wake. Wa kwanza kulazwa pale alikuwa Gentille, binti wa miaka kumi na tisa, ambaye gari lake liliteleza kwenye barafu ya barabara kuu ya I-35 akienda kuhudumia wazee zamu ya asubuhi. Walimzika pembeni kabisa, karibu na ua. Baba yake, Rukundo, akamwapisha mkewe Euphrasie: siku yangu ikifika, nilaze ubavuni kwa huyu. Walikuwa wameacha watoto wawili chini ya udongo wa Fizi na mmoja kambini Burundi, kila mmoja peke yake, na leo hakuna aliyeweza hata kunyoosha kidole kuonyesha ni wapi. Rukundo alisema hataki mtoto wake mwingine abaki peke yake ardhini.

Mwezi wa Oktoba moyo wake ukasimama. Mashine ikaja kuchimba kando ya Gentille, ikafika futi nne, ikatoa buti la ngozi lenye mifupa ndani yake.

Kazi ikasimamishwa hapo hapo. Ofisi ya jimbo inayoshughulikia makaburi ya kale ikatuma mtaalamu wa mifupa. Akafukua miguu miwili hadi magotini, akaacha. Taarifa yake ilikuwa ya ukurasa mmoja: marehemu si Mdakota, wenyeji wa asili wa pale, ni mlowezi, amekuwa ardhini miaka mia moja na sitini au zaidi, buti ni la kiume, ugoko wa mguu wa kushoto uliwahi kuvunjika utotoni ukaunga kombo. Hatamgusa zaidi bila ridhaa ya ukoo. Jina likijulikana na mtu wa ukoo huo akatia saini, mifupa itahamishwa kwa heshima na shimo litakuwa la Rukundo. Lisipojulikana kufikia Ijumaa, shimo litafukiwa juu ya mwenyewe, na Rukundo atafutiwe mahali pengine. Upande wa pili wa Gentille ulikuwa ua na barabara. Ubavu uliobaki ulikuwa huo mmoja.

Leo ilikuwa Jumatano.

Simu ya Velma ikalia kabla hajafika mapokezi. Alikuwa Euphrasie.

"Dada Velma, bureau banasema nini?"

"Bado wanangoja jina, Mama Gentille."

"Ile mutu ya kuchimba alinipigia asubuhi. Anasema udongo unaanza kuwa jiwe. Ikipita juma hii hataweza."

"Najua."

"Mi nilikwenda morgue jana. Banamufunika na shuka ya rangi ya majani, sijui juu ya nini. Yeye hakupenda ile rangi. Nitakungoja, dada."

Velma aliitia simu mkobani. Akapanda ngazi zilizobaki.

Chumba cha kusomea kilikuwa kimya. Alfred, mzee wa Kikenya aliyestaafu ualimu na sasa akifanya kazi ya kuleta maboksi siku tatu kwa wiki, alimwona akaanza kutikisa kichwa kutoka mbali.

"Mama Velma, wewe utanimaliza mgongo."

"Mgongo wako uliisha kabla sijakujua, mwalimu."

"Bado unatafuta yule mzungu wa buti?"

"Mzungu wa buti amenipiga chenga. Keti nikwambie."

Alfred akaketi. Alipenda visa, na pale ndani watu wengi hawakumpa hata salamu.

Mlowezi wa kwanza kwenye ardhi ile, Velma alimweleza, aliitwa Orrin Tisdale. Alitoka Ohio mwaka 1855 na mkewe, Lovina. Kitukuu wake, Harrison Tisdale, mzee wa miaka themanini na mbili anayekaa Richfield, ndiye aliyeliuzia kanisa ile ekari. Velma alipomwendea wiki mbili zilizopita, Harrison hakusita hata kidogo. Alisema babu mkuu Orrin alipotea kwenye theluji majira ya baridi ya 1859 akazikwa shambani, na kama kuna fomu ya kusaini, ailete.

"Basi si umemaliza?" Alfred akauliza.

"Nilidhani hivyo. Halafu juzi nikaona picha ya jiwe la kaburi. Orrin Tisdale, mzaliwa wa Ohio, mwaka ule ule wa kuzaliwa. Amekufa 1884. Oregon."

"Labda ni wawili wenye jina moja."

"Kando yake amelala Lovina, mkewe. Nimeangalia sensa, nimeangalia mauzo ya shamba. Orrin alimwachia mwanawe shamba mwaka 1881 akahamia magharibi kwa miguu yake mwenyewe. Mtu mwenye jiwe Oregon hawezi kuwa na miguu Minnesota."

"Kwa hivyo mzee Harrison amekudanganya."

"Au amedanganywa. Na mimi nimebaki na buti halina mtu."

Alitandaza karatasi zake mezani. Zilikuwa nakala za hati mbili kutoka daftari la ardhi la kaunti. Zamani zile karani alinakili kila hati kwa mkono wake mwenyewe kwenye daftari kubwa, neno kwa neno, pamoja na majina ya waliosaini. Mwandiko wote ulikuwa wa karani, kwa hiyo kulinganisha miandiko kusingesaidia kitu. Ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1857: Orrin na Lovina wanamuuzia jirani yao wa kaskazini, Amos Rudd, kipande cha malisho. Ya pili ilikuwa ya Septemba 1859: watu wale wale wanamuuzia Rudd kipande kingine. Velma alikuwa amezisoma mara ishirini, akifuata jina la Orrin kama mbwa afuatavyo mfupa.

Safari hii Alfred ndiye aliyeinama akaweka kidole chake chenye kucha ndefu upande wa chini wa ile ya kwanza.

"Huyu mama hakusoma."

"Nini?"

"Hapa. Katikati ya jina lake karani ameweka msalaba, akaandika 'alama yake'. Mimi nimefundisha ngumbaru miaka sita, msalaba wa mtu asiyejua kuandika naujua."

Velma aliivuta hati ya pili. Jina la Lovina lilikuwepo. Msalaba haukuwepo. Chini yake karani alithibitisha kwamba mke, akiwa ameulizwa faraghani mbali na mumewe, amekiri kutia saini kwa hiari yake.

Akaurudia mstari ule kwa kidole. Kahawa yake ilipoa.

Miaka kumi na mmoja Velma alikuwa karani wa Bodi ya Ardhi huko Vihiga, Kenya. Mwanamume akitaka kuuza shamba alitakiwa aje na mkewe, na mke aulizwe mbele ya bodi kama amekubali. Basi wanaume wakawa wanakuja na wake, ila si lazima wawe wao. Analetwa shemeji, analetwa hawara, analetwa muuza mboga wa sokoni aliyeazimwa kitambaa kizuri cha kichwa. Anaitikia jina la mwenziwe, anasema nimekubali, anasaini, ananunuliwa soda, anaenda zake. Velma mwenyewe aliwahi kugonga muhuri wa namna hiyo. Wiki mbili baadaye mke wa kweli alifika na mtoto mgongoni kuuliza kwa nini kuna watu wanang'oa mahindi yake. Tangu siku ile Velma haanzi na saini ya mume. Huanza na ya mke. Lakini safari hii buti la kiume lilimpumbaza, akatafuta mwanamume wiki tatu nzima. Aliona aibu, tena aibu ya kweli.

"Mwalimu, mtu mzima anaweza kujifunza kuandika kwa miaka miwili?"

"Anaweza. Lakini apate mwalimu, na apate nafasi. Mke wa mlowezi na ng'ombe na kuni na baridi ya hapa? Labda."

"Na anaweza kupungua umri?"

Alimsogezea karatasi mbili za sensa. Ya 1857 iliwakuta watu watatu katika nyumba ya Tisdale: Orrin, miaka thelathini na moja, Lovina, ishirini na nne, na Mahala Finch, mtumishi wa nyumbani, kumi na tisa. Ya 1860 iliwakuta Orrin, mtoto mchanga wa kiume, na Lovina. Umri wa Lovina, ishirini na mbili. Mtumishi hayumo.

Alfred aliivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka mitatu imepita," akasema polepole, "na mama amekuwa mdogo kwa miaka miwili."

"Hakuwa mdogo. Alikuwa mwingine."

"Hiyo ni dhana, Velma. Makarani wa sensa walikuwa wanakosea."

"Ndiyo, ni dhana. Dhana haiondoi mtu mochari." Alifunga kalamu yake. "Niletee kesi za mahakama. Usitafute Tisdale, nimeshamtafuta hayupo. Tafuta Rudd."

"Kwa nini Rudd?"

"Kule kwetu ukitaka habari za shamba unawauliza waliopakana nalo. Mwenye shamba atakuficha, jirani hata ukimkataza atasema. Na mtu akiuziwa vipande viwili na jirani mmoja, hawakosi kugombania mpaka."

Hawakukosa. Alfred alirudi baada ya nusu saa na boksi la kijivu. Rudd alimshtaki Tisdale mwaka 1860 kuhusu mstari wa ua, na kesi ikawekwa kwenye faharasa kwa jina la mlalamikaji, ndiyo maana mtu anayemtafuta Tisdale angepita kando yake maisha yake yote. Ndani kulikuwa na mchoro wa mpaka, viapo vya mashahidi wawili, na hukumu ya mistari minne. Velma alivisoma vyote bila kupata kitu. Kisha akafika chini kabisa ya jalada, akakuta barua iliyokunjwa mara tatu. Haikuhusiana kabisa na ua wa Rudd. Karani wa mahakama wa siku zile alipokea barua yenye jina Tisdale, akaisukuma kwenye jalada la Tisdale lililokuwa mezani, basi.

Ilitoka Ohio, Machi 1860. Ilikuwa ya mama yake Lovina, na aliyeiandika kwa niaba yake alikuwa mke wa mchungaji, kwa sababu, barua ilisema waziwazi, katika familia yao hakuna aliyefundishwa kalamu. Velma aliisoma kwa Kiingereza chake cha kizamani, kisha akamtafsiria Alfred kwa sauti ya chini:

"'Nimepokea barua kutoka kwa binti yangu, imeandikwa kwa mkono wake, inasema ni mzima na nisihangaike kumwandikia tena. Bwana, binti yangu hajui kuandika. Barua zake zote aliandikiwa na wengine, na kila moja ilitaja aliyeiandika. Hii haimtaji mtu. Nakuomba kwa ajili ya Mungu utume mtu aende akamtazame. Utamjua kwa mwendo. Alianguka kutoka kwenye gari la nyasi akiwa na miaka tisa, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti, ukaunga vibaya, na huvaa mabuti ya mumewe kwa kuwa viatu vya kike vinamuumiza. Ikiwa amekufa, niambie amelala wapi.'"

Alfred akaweka kidole kwenye mstari wa mabuti.

Velma akaigeuza. Nyuma, kwa wino mweusi zaidi, karani alikuwa ameandika mistari miwili: *Mke wa Tisdale amefika ofisini tarehe 12 Aprili, ameulizwa. Anasema ni mzima. Amesaini kwa mkono wake. Hakuna la kufanya.*

"Amesaini kwa mkono wake," Alfred akarudia. "Huyu karani hakuisoma barua?"

"Aliisoma. Alikuwa na mwanamke mbele yake anayeitikia jina. Alimaliza kazi yake akaenda kula." Velma alisema hivyo kwa ukali ambao Alfred hakuuelewa, na yeye hakumweleza.

Alipiga picha barua pande zote mbili, akaomba nakala yenye muhuri, akatoka.

Nyumba ya Harrison Tisdale huko Richfield ilikuwa chini ya njia ya ndege. Kila baada ya dakika chache madirisha yalitetemeka na mzee akanyamaza hadi ipite, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Alikuwa mrefu, mkavu, amevaa sweta lenye viraka vya viwiko. Walizungumza Kiingereza. Fomu ya ridhaa ilikuwa tayari mezani, imesainiwa kwa wino wa buluu, na penye jina la marehemu alikuwa ameandika: Orrin Tisdale.

"Nimekurahisishia," alisema. "Ipeleke kesho, yule mama amzike mumewe."

"Orrin amezikwa Oregon, bwana Tisdale."

Ndege ikapita. Mzee alitazama dirisha.

"Ulijua," Velma akasema.

"Nilijua."

"Basi hadithi ya theluji ilitoka wapi?"

"Kichwani kwangu. Ulipokuja na ile picha ya buti, ilinibidi niseme kitu."

"Kwa nini ile pembe haijawahi kulimwa? Nimeangalia ramani zote. Shamba zima limelimwa miaka mia na sitini isipokuwa pale. Udongo ni ule ule."

"Mawe."

"Mashine imechimba futi nne. Hakuna jiwe."

Harrison alisugua magoti yake. Vidole vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi. "Babu yangu alikatazwa na mama yake," akasema mwishowe. "Babu akamkataza baba, baba akanikataza mimi. Usitie jembe kwenye pembe ile. Hakuna aliyesema kwa nini. Mimi nilidhani ni kisima cha zamani. Watu wa kanisa walipokuja kutaka mahali pa makaburi, nikasema afadhali pale, hapalimwi."

"Mama wa babu yako aliitwa nani?"

"Lovina."

"Aliitwa nani, bwana Tisdale?"

Ndege nyingine. Safari hii alingoja muda mrefu kuliko mlio wake.

"Babu alikuwa anakufa, mimi nikiwa na miaka kumi na miwili. Alimwambia baba kwamba mama yake aliishi kwa jina ambalo hakuzaliwa nalo. Nilikuwa nimekaa chini ya kitanda, walinisahau. Kwa hivyo sikusikia vizuri. Mahala, nadhani. Mahala fulani."

Velma akaweka nakala ya barua mezani. Mzee aliisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mguu uliovunjika aliisukuma mbele.

"Nani alimuua? Yeye au Orrin?"

"Sijui. Labda alikufa kwa homa wakaona heri wafiche. Lakini watu hawamziki mtu wa homa pembeni bila alama, kisha wakamwandikia mama yake barua."

"Hapana," Harrison akakubali. "Hawafanyi hivyo."

Alisugua tena magoti. Kisha akanyanyua fomu, akamnyooshea.

"Ichukue. Sikiliza kwanza. Mimi sina mtoto. Nikienda, Watisdale wamekwisha, nataka wamalizike kimya. Yule mama anataka mumewe alale na binti yake. Ofisini hawajaiona picha ya Oregon, hawajaiona hiyo barua. Wanachotaka ni jina na saini. Nani ataumia?"

"Wewe si ukoo wake. Damu yako ni ya yule aliyelivaa jina lake."

"Nani ataumia, Velma?"

Velma aliinama mbele. Aliitazama ile saini ya buluu. Ilikuwa njia rahisi kabisa, imelala pale mezani. Alikuwa ameombwa apate shimo moja kwa ajili ya mtu mmoja, na shimo lilikuwa limepatikana. Aliikunja fomu, akaitia mkobani, akaondoka bila kumuaga mzee vizuri.

Njia ya kwenda ofisi ya jimbo ilikuwa kaskazini. Aliendesha kusini.

Euphrasie alikaa ghorofa ya pili Burnsville, katika jengo ambalo ngazi zake zilinuka supu za nchi nne. Alikuwa mwembamba, amejifunga kitenge cheusi, na kiti cha Rukundo kilikuwa kimeegemezwa ukutani ili asije mgeni akakikalia. Alimtengea Velma chai ya maziwa. Kwao mgeni hasemi neno kabla hajanywa, kwa hiyo Velma alikunywa, na kila funda lilipita kwa shida.

Kisha akatoa karatasi mbili, fomu na nakala ya barua, akaziweka kando kwa kando.

"Mama Gentille, hii ya kwanza imesainiwa. Nikiipeleka kesho, Ijumaa wanahamisha mifupa, Jumamosi unamzika Rukundo pale alipotaka."

Euphrasie alifumba macho. "Mungu asifiwe."

"Ngoja. Hii ya kwanza ni ya uongo."

Akamweleza yote, polepole, kwa maneno mepesi: mtumishi na bibi mwenye nyumba, msalaba uliopotea kwenye hati, mguu uliounga vibaya, mwanamke mmoja akiitikia jina la mwingine mbele ya karani. Akamtafsiria barua. Alipofika mwisho, pale mama anapouliza mwanawe amelala wapi, Euphrasie alimzuia kwa mkono.

"Rudia ile."

Velma akarudia.

"Banamujibu?"

"Hapana. Barua ilikaa kwenye boksi mpaka leo asubuhi."

"Na ile mama alikufa bila kujua."

"Lazima."

Chai ilitanda utando. Chini mtu alikuwa anajaribu kuwasha gari lililogoma, tena na tena.

"Hakuna mutu mwingine wa ukoo? Wa kweli?"

"Mama yake alikuwa na watoto wengine. Huenda wana wajukuu wa wajukuu mahali fulani. Nitawatafuta. Lakini itanichukua mpaka majira ya kuchipua, labda zaidi."

"Printemps." Euphrasie alilitamka kama mtu anayetafuna mchanga. "Rukundo abakie kwa friji mpaka printemps?"

"Hawataruhusu. Shimo litafukiwa Ijumaa."

Euphrasie alisimama. Alienda hadi kwenye kiti cha mumewe, akakishika mgongo, na alipogeuka uso wake ulikuwa umebadilika. Velma alikuwa amezoea kulaumiwa, lakini si kwa macho yale.

"Juu ya nini umeniambia? Juu ya sababu gani?"

"Nini?"

"Ungeninyamazia. Ungepeleka papier, ungeniambia Mama Gentille, tumepata. Ningepika, ningezika, ningekupenda mpaka kufa. Hii mutu alikufa miaka mia na ngapi. Mi sikumuua. Sasa umeniletea na yeye, umemuweka hapa kwa meza, unasema chagua. Wewe njo mukubwa wa papiers. Juu ya nini hukuchagua wewe?"

Velma alifungua kinywa. Angeweza kusema habari za Vihiga na yule mke mwenye mtoto mgongoni. Aliona hilo lingekuwa kujitetea, na huyu mama hakustahili kubebeshwa na hilo pia.

"Niliogopa," akasema. "Nisamehe."

Euphrasie alilia wakati huo, amesimama, bila kujifunika uso. Velma alibaki amekaa, mikono mapajani, akimwachia nafasi yake. Gari la chini liliwaka hatimaye likaondoka.

"Kule Fizi," Euphrasie alisema alipoweza, "tulizika mutoto wetu Samweli asubuhi, saa sita tukakimbia. Tukikuta mutu wa kule njiani ninamuuliza, ulipita pale? Kuko mawe tatu, uliona? Banasema ndiyo, ndiyo, mama, iko. Banasema tu ninyamaze. Hakuna aliyekwenda kutazama." Alijipangusa kwa pembe ya kitenge. "Ile karani njo hivyo. Alisema iko, akamaliza."

Alirudi mezani. Aliichukua fomu yenye saini ya buluu, akaitazama juu na chini ingawa Kiingereza chake hakikutosha kuisoma, akaikunja mara mbili, akamrudishia Velma.

"Murudishie yule mzee. Watu wake utawatafuta?"

"Nitawatafuta."

"Ukiwapata waambie mutu wao iko wapi. Waambie kuko mutoto wa kike ubavuni mwake, anaitwa Gentille. Pasta alionyesha mahali pengine, karibu na mlango wa makaburi. Umupigie, umwambie Jumamosi."

"Nitampigia sasa hivi."

"Hapana. Kwanza vaa koti yako." Euphrasie alikuwa tayari anatafuta lake nyuma ya mlango, mkono ukipapasa mikono ya makoti mengine. "Unipeleke morgue. Nilimuapia mimi, si Pasta. Mi mwenyewe njo nitamwambia Rukundo kwamba nimemukatalia."